Watu 150 Wasikae Bure: Usiku IBM Ilipokosea Hesabu ya Watu

Wasee wangu, leo tuache siasa kidogo. Nataka niwapeleke Marekani mwaka wa 1964, lakini lazima tupitie Nairobi kwanza, kwenye ofisi moja ya ghorofa ya tatu ambayo sitaitaja jina, mahali nilipofutwa kazi baada ya wiki tisa.

Wengi wenu mnajua niliacha chuo mwaka wa pili. Sitairudia hiyo stori, karo ni karo. Kitu sijawahi kuwaambia ni kwamba kabla nianze kurekodi video na kuandika hapa, nilijaribu kuwa developa. Nilikuwa nimejifunza mwenyewe usiku, kwa simu na laptopu ya kuazima, saa zile bando ni rahisi. Siku moja nikapigiwa simu. Kuna kampuni ndogo ilikuwa inajenga apu ya chama cha akiba na mikopo, na walikuwa wamechelewa vibaya. Walikuwa watu watano. Zilikuwa zimebaki wiki sita. Bosi akaamua dawa ni kuongeza watu, akachukua wanne wapya, mimi nikiwa mmoja wao.

Siku ya kwanza hakukuwa na kiti. Siku ya pili hakukuwa na nywila ya kuingia kwenye mfumo. Siku ya tatu, yule dada aliyekuwa na ramani ya kazi yote kichwani akaacha alichokuwa anafanya, akavuta kiti, akaanza kutuelezea. Akatuelezea Jumatano nzima. Alhamisi nikamuuliza maswali kama kumi hivi. Ijumaa nikaharibu kitu kilichokuwa kinafanya kazi vizuri, na Jumamosi yeye akaja ofisini kukitengeneza. Wiki ya sita ikafika, apu haijaisha. Ya nane, bado. Wiki ya tisa sisi wanne tukaitwa, tukaambiwa tumewachelewesha. Tukalipwa tulichodai, tukashuka ngazi kimya kimya kama watu wanatoka matangani.

Na manze, niliamini. Mtu aliyeacha chuo huwa na jibu tayari la kila kitu kinachomwendea mrama: ni kwa sababu sikumaliza. Nilitembea na hilo jibu miezi mingi.

Halafu jamaa mmoja akanitumia kitabu cha mwaka wa 1975 kinaitwa The Mythical Man-Month, cha mtu anaitwa Fred Brooks. Nikadhani nitasinzia ukurasa wa tatu. Badala yake nikakutana na ofisi yetu ile ile, viti vyetu vile vile ambavyo havikuwepo, ila sasa ni ndani ya kampuni kubwa kuliko zote za kompyuta duniani, miaka kibao kabla mama yangu hajazaliwa.

Stori inaenda hivi. Aprili 7, 1964, IBM ilitangaza familia mpya ya kompyuta, System/360. Ukiwa umezaliwa na simu mkononi ni ngumu kuelewa kwa nini hiyo ilikuwa habari. Siku hizo, ukinunua kompyuta ndogo halafu biashara ikue, ukinunua kubwa, programu zako zote ni za kutupa. Mashine mpya haielewi chochote cha ile ya zamani. Unaanza upya, unalipa upya. IBM wenyewe walikuwa na aina kadhaa za kompyuta ambazo hazingeweza kuongea lugha moja. Sasa wakasema: tutatoa familia nzima, kuanzia mashine ndogo mpaka jitu, na programu ikiandikwa kwa moja itakubali kwa nyingine. Ilikuwa kamari ya karibu dola bilioni 5, pesa za wakati ule. Ingekataa, IBM ingekuwa stori ya kusimuliwa tu.

Aliyesimamia ujenzi wa hiyo familia alikuwa huyo Brooks, kijana wa miaka thelathini na kidogo. Kwa njia, kama umewahi kujiuliza kwa nini baiti moja ina biti 8, mlaumu au umshukuru yeye. Mashine nyingi za wakati ule zilipanga herufi kwa biti 6, ambazo zinatosha herufi kubwa na tarakimu na alama chache basi. Brooks akasukuma 8, na kukawa na nafasi ya herufi ndogo. Kila meseji umewahi kutuma bila kupiga kelele kwa herufi kubwa ina mkono wa huyo mzee ndani.

Mitambo ilipokaa sawa, akapewa kazi ya pili: mfumo endeshi wa hizo kompyuta, OS/360. Mfumo endeshi ni ile programu mama inayobeba zingine zote, kama Android kwenye simu yako. Na hapo ndipo maji yalizidi unga.

Hebu sikiza ukubwa wa hiyo kazi. Wakati wa kilele, zaidi ya watu 1,000 walikuwa ndani: waandishi wa programu, waandishi wa vitabu vya maelezo, waendesha mitambo, makarani, masekretari, mameneja. Brooks mwenyewe alikadiria kwamba kati ya 1963 na 1966 kazi iliyoingia pale ilifika miaka 5,000 ya mtu mmoja. Yaani ukimpa mtu mmoja aifanye peke yake, kumaliza leo ingebidi awe alianza kabla piramidi kubwa za Misri hazijajengwa.

Na bado ilichelewa. Ilikula kumbukumbu ya mashine kuliko ilivyopangwa, gharama ikapita makadirio mara kadhaa, na matoleo ya kwanza yalikuwa yanachechemea.

Lakini kitu kilichonifanya niketi kitako ni usiku mmoja anaousimulia humo. Nimeusoma huo ukurasa mara nyingi kuliko nilivyosoma kitu chochote nikiwa chuo.

Walikuwa watu watatu kwenye meza. Brooks, meneja wa usanifu, na meneja wa ujenzi wa sehemu kuu ya mfumo. Kazi iliyokuwa mbele yao ilikuwa kuandika maelezo kamili ya mfumo: utafanya nini, utaonekanaje kwa anayeutumia, kila kitufe na kila amri. Hiyo ni kama ramani ya nyumba kabla fundi hajamwaga zege. Ratiba ilikuwa inaruhusu miezi 7.

Meneja wa usanifu akasema: mimi nina watu 10, ni wazuri, tutaiandika na tutaiandika sawasawa. Lakini itachukua miezi 10. Tutapitisha ratiba kwa miezi 3.

Meneja wa ujenzi akasema: mimi nina watu 150. Tupeni sisi, hao wasanifu watusaidie kuratibu, na tutamaliza ndani ya muda. Halafu akaongeza kitu ambacho, nikikisoma, nilisikia sauti ya kila bosi niliyewahi kufanyia kazi: mkiwapa hao 10, watu wangu 150 watafanya nini hiyo miezi kumi? Watakaa wakitazamana?

Yule wa usanifu akajibu. Mkiwapa hao 150, hawatamaliza ndani ya muda. Watachelewa miezi 3 hiyo hiyo, na kazi itakuwa mbovu.

Brooks akawapa wale 150.

Wakachelewa miezi 3. Kazi ikawa mbovu. Na kwa sababu ramani iliandikwa na mikono mingi isiyofikiria kitu kimoja, mfumo wote ukawa mgumu kujenga na mgumu kubadilisha. Kwa makadirio yake mwenyewe, uamuzi wa usiku ule uliongeza mwaka mzima wa kusaka hitilafu. Mtu huyu hakuficha. Aliandika wazi kwamba yeye ndiye alikosea na kwamba lilikuwa kosa la mamilioni ya dola. Mniambie ni meneja gani hapa kwetu mmewahi kusikia akiandika kitabu aseme hivyo.

Sasa ngoja. Kwa nini mtu mwerevu hivyo alichagua 150? Si kwa sababu hakujua hesabu. Nafikiri, na hapa ni mimi naongea si yeye, ni ile hoja ya kukaa bure ilimmaliza. Watu 150 wanalipwa. Wako pale. Unawaona. Mtu anayelipwa akiwa ameketi ni kidonda machoni pa bosi, hata kama kuketi kwake ndiko kunaokoa kazi. Ukienda mjengo wowote Pipeline au Roysambu utaona. Msimamizi akitokea, hata yule ambaye zamu yake haijafika anashika koleo anahamisha mchanga kutoka hapa kwenda pale. Mchanga unahama, nyumba haipandi.

Kutoka hapo Brooks akatunga ile kanuni inayobeba jina lake mpaka leo. Kwa maneno yangu: mradi wa programu ukishachelewa, ukiuongezea watu unauchelewesha zaidi. Yeye mwenyewe alikiri ni kurahisisha mambo kupita kiasi. Lakini sababu zake ukizicheki, huoni mahali pa kuzipinga.

Ya kwanza ni ile niliyoishi. Mtu mpya lazima afundishwe, na wa kumfundisha si ukuta, ni yule yule mtu mmoja ambaye kazi inamtegemea. Siku yule dada alipovuta kiti, kampuni ilidhani imepata watu wanne. Kusema ukweli ilikuwa imempoteza mmoja, na huyo mmoja ndiye alikuwa nusu ya mradi.

Ya pili ni hesabu, na ni ya darasa la nane tu. Kama kila mtu lazima aelewane na kila mwenzake, watu 3 wana njia 3 za mawasiliano. Watu 5 wana 10. Sisi tulipoingia tukawa 9, njia zikawa 36. Sisi wanne hatukuongeza watu wanne pale. Tuliongeza njia 26 za kutoelewana, mikutano 26 ya "nilidhani wewe ndiye unafanya hiyo." Wale 150 wa IBM? Ukipiga, ni njia 11,175. Kama uko kwenye grupu ya WhatsApp ya harusi ya watu 150 unajua vile kuchagua tu rangi ya vitenge kunachukua wiki tatu. Sasa fikiria hao wanaandika ramani ya mfumo.

Ya tatu ni kwamba kuna kazi hazigawiki. Brooks ana mfano wa mimba: mama mmoja anabeba miezi tisa, na ukileta akina mama tisa hutapata mtoto kwa mwezi mmoja. Ni kweli, lakini mimi napenda kufikiria chai. Nenda Kericho. Shamba likiwa na wachumaji 20, ukileta 20 wengine majani yanaisha haraka karibu mara mbili, kwa sababu huyu wa mstari huu hahitaji kujua wa mstari ule anachuma nini. Hakuna mkutano kati ya vikapu. Hapo mtu na mwezi vinabadilishana kama shilingi kwa shilingi. Programu haina mistari ya chai. Kitu anachoandika huyu kinashikana na anachoandika yule kama nyuzi za mkeka, na ukimwingiza mtu wa kumi kusuka pembe moja lazima wale tisa wasongee.

Sisi Wakenya tuna shida yetu ya ziada hapa. Nchi yetu ilizaliwa na neno harambee. Mzee Kenyatta alilifanya wito wa taifa 1963, na liko kwenye nembo ya taifa mpaka leo. Tukiwa na shida, jibu letu ni wingi: ongeza mikono, vuta pamoja. Na kwa kujenga shule au kulipa bili ya hospitali inafanya kazi, kwa sababu elfu moja yangu haihitaji kuongea na elfu moja yako. Lakini watu wa pwani, ambao wamesafiri baharini miaka mingi kuliko sisi wa bara tumepanda matatu, walishasema kitambo kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Tuna methali zote mbili mkononi. Shida ni kujua ni lini unatoa ipi.

Upande wa pili wa hii stori unafurahisha watu zaidi, kwa hivyo nitaupitia haraka, maana nahisi umeharibu akili za vijana wengi. Mwaka wa 1969, maabara ya Bell ilijitoa kwenye mradi mkubwa wa mfumo endeshi ulioitwa Multics, uliokuwa wa pamoja kati yao, chuo cha MIT na kampuni ya General Electric. Mmoja wa waliobaki bila mradi, Ken Thompson, akapata mashine ndogo ya zamani. Mkewe alisafiri na mtoto kwenda kuona familia kule California, akabaki peke yake kama wiki tatu. Kwa hizo wiki akaandika mwanzo wa kile kilichokuja kuitwa Unix, ambacho yeye na Dennis Ritchie na wengine wachache walikikuza. Linux iliundwa kwa mfano wa Unix, na Android imekaa juu ya Linux. Kwa hivyo kuna uwezekano mkubwa unasoma hii kitu juu ya mawazo ya mtu aliyebaki nyumbani peke yake.

Sawa, poa. Lakini ile stori ya shujaa mmoja gizani na kahawa ndiyo inafanya mabosi wetu wamkamue mtu mmoja mpaka alazwe. Uchache peke yake si dawa. Programu iliyoongoza chombo cha Apollo 11 mpaka mwezini 1969 iliandikwa chini ya maabara moja ya MIT, na Margaret Hamilton akiwa kati ya viongozi wake. Kilele chake kilikuwa watu wapatao 350. Hao hawangekuwa wawili. Na hata OS/360 yenyewe, Brooks hakusema ingefanywa na watu 10. Alisema wazi kwamba kikundi kidogo cha mabingwa kingeifanya kwa miaka mingi sana, na ikitoka ingekuwa imepitwa na wakati. Swali lake lilikuwa gumu kuliko "wengi au wachache." Lilikuwa: utapataje mikono mingi na bado uwe na akili moja?

Jibu alilolipenda alilitoa kwa mwenzake wa IBM, Harlan Mills: panga watu kama chumba cha upasuaji. Hospitalini hakuna madaktari kumi kila mmoja na kisu chake. Kuna mmoja anayekata, na wengine wote wanamwezesha. Kwenye kikundi cha watu 10 cha Mills, kuna mwandishi mkuu, kuna msaidizi wake anayejua kila kitu na angeweza kuchukua usukani, kuna wa kusimamia pesa na vifaa, wa kuhariri maelezo, wa kutunza mafaili, wa kutengeneza zana, wa kujaribu kazi, hata kuna mmoja ambaye kazi yake ni kuijua lugha ya programu kama wakili anavyojua sheria. Watu kumi, lakini wanaotoa maamuzi ya usanifu ni wawili tu. Sasa hesabu ya zile njia inabadilika, kwa sababu si kila mtu lazima aelewane na kila mtu.

Nimeifikiria sana hiyo picha. Tulipoingia pale ofisini sisi wanne, tulipewa kazi gani? Sote tulipewa kisu. Bosi aligawa apu vipande tisa, kila mtu akate chake. Hakuna aliyeniambia, wewe kijana, kazi yako ni kuijaribu hii apu kila jioni na kuandika kila mahali inapoanguka. Hiyo ningeiweza. Hiyo ningeifanya vizuri hata, maana nina jicho la kuona vitu vimekwama, ni vile tu siwezi kuelewa msimbo wa watu watano kwa siku tatu. Nani anaweza?

Halafu tusidanganyane kwamba hii ni stori ya wazee. Oktoba 1, 2013 serikali ya Marekani ilifungua tovuti ya bima ya afya, HealthCare.gov. Pesa zilikuwepo, makampuni yaliyopewa kandarasi yalikuwa mengi, yaliripotiwa kuwa 55. Siku ya kwanza waliofaulu kujiandikisha walikuwa watu 6. Sita, wadau. Hata matatu ya saa kumi alfajiri inabeba zaidi. Wakati wa kuiokoa, waliletwa watu wachache wenye uzoefu, na moja ya vitu vya kwanza ilikuwa kuwaketisha watu wa makampuni tofauti chumba kimoja waongee. Hapo kanuni ya Brooks inaonekana kuvunjwa, kwa sababu mradi uliochelewa uliongezewa watu na ukapona. Lakini angalia waliletwa watu wa aina gani, na kufanya nini. Hawakuletwa kuandika vipande vipya. Waliletwa kufungua zile njia zilizoziba.

Na hapa nyumbani? Januari 2008, nchi ikiwaka baada ya uchaguzi, Ory Okolloh aliandika kwenye blogu yake akiuliza kama kuna mtu wa teknolojia anaweza kutengeneza ramani ya kuonyesha ghasia zinatokea wapi. Erik Hersman, David Kobia, Juliana Rotich na wengine wachache wakaitikia, na ndani ya siku chache tu Ushahidi ikawa hewani. Sidhani ni kwa sababu walikuwa majini. Walikuwa wachache, kitu kinachotakiwa kilikuwa wazi, na hakuna aliyekuwa akihesabu nani ameketi bure.

M-Pesa ndiyo inanifurahisha zaidi kwa sababu ina aina zote mbili za kazi ndani yake. Programu yake ya kwanza ilijengwa Cambridge, Uingereza, majaribio yakaanza hapa Oktoba 2005, na ikazinduliwa rasmi Machi 2007. Baada ya hapo ikahitaji watu wengi mno, lakini kama nani? Kama mawakala. Wakala wa Gikomba hahitaji kujua wakala wa Lodwar anafanya nini. Hiyo ni chai. Unaweza kuongeza mia leo na mia kesho na kila mmoja anabeba mzigo wake. Ungeongeza hao mia kwenye chumba cha wanaoandika programu, sijui kama leo tungekuwa tunatumiana pesa ya nyanya.

Sasa najua kuna mmoja wenu tayari anaandika kwa hasira: wewe unataka kampuni zichukue watu wachache, na sisi tumehitimu hatuna kazi? Mimi mwenyewe hilo swali liliniuma. Ni rahisi mzee wa IBM kusema usiongeze watu. Mimi ndiye "watu." Mimi ndiye nilikuwa nangoja nyumbani simu iite.

Lakini soma tena ile kanuni. Inasema mradi uliochelewa. Haisemi msichukue wageni. Ukinichukua wiki ya kwanza, nikifundishwa wakati bado kuna pumzi, wiki ya ishirini mimi ni mtu wa maana. Ukinichukua wiki sita kabla ya siku ya mwisho, umenichukua kama kizima moto, na kizima moto kikiisha kinatupwa. Tena mnajua kinachonikera? Kampuni nyingi hazitaki kulipa mwanagenzi mwezi wa kwanza, wakati angejifunza, kwa sababu mwezi wa kwanza hakuna hofu. Hofu inakuja mwisho, na pesa inafuata hofu. Kwa hivyo mlango wa kuingilia kwetu sisi tusio na jina unafunguliwa wakati ule mbaya kuliko wote, na tukishindwa inaandikwa kwamba vijana wa siku hizi hawajui kazi.

Bosi wetu angefanya nini basi? Angeenda kwa wenye chama akawaambia tutachelewa wiki tano. Hilo tu. Au angepunguza: mikopo ije baadaye, mzindue na akiba kwanza. Brooks anasema hivyo hivyo, panga ratiba upya au punguza kazi. Ni sentensi moja lakini inahitaji mtu akae mbele ya mteja aaibike. Kuajiri watu wanne ni rahisi kuliko kuaibika. Unaonekana umefanya kitu. Na simlaumu hata sana, kwa sababu Brooks, mwenye akili zote hizo na tuzo ya Turing aliyokuja kupewa 1999, alikaa kwenye meza ile na akafanya hivyo hivyo.

Brooks alipokuwa anaondoka IBM kwenda kufundisha chuo kikuu cha North Carolina, mkuu wa kampuni, Thomas Watson Junior, alimuuliza: umesimamia mitambo na umesimamia programu, kwa nini programu ni ngumu hivi kusimamia? Hakuwa na jibu la kumpa papo hapo. Alikaa nalo miaka kama kumi, na kile kitabu ndicho jibu. Alifariki Novemba 2022 akiwa na miaka 91, na watu bado wananunua.

Mwezi jana yule dada alinitafuta. Alishatoka pale, na akaniambia apu ilikuja kuisha miezi mitano baada ya sisi kuondoka. Sasa anaanza kitu kingine na wenzake wawili, na anataka mtu wa kujaribu kazi na kuandika maelezo ya watumiaji. Akaniuliza kama bado nina hasira na mambo ya kompyuta. Nikamwambia kabla sijajibu nina swali moja: mmeanza lini?

Akasema, "Bado. Jumatatu."